Annette Kellerman: Nguva wa Sydney na vazi lililozaa biashara

Si mbali na katikati ya jiji la Sydney, ndani ya bustani ya Enmore, lipo bwawa la kuogelea la umma lililofunguliwa mwaka 2011. Limepewa jina la mwanamke aliyezaliwa katika jiji hilo hilo zaidi ya karne moja kabla ya hapo: Annette Kellerman.

Wanahistoria wa michezo humtaja kuwa muogeleaji. Wale wa sinema humkumbuka kama mwigizaji aliyecheza nguva katika filamu za zamani zisizo na sauti. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, ule wa sindano na uzi.

Kipande cha nguo alichokishona mwenyewe, ili apate tu ruhusa ya kufanya kazi ya siku moja, kiligeuka kuwa bidhaa iliyouzwa kwa jina lake. Kisha kikaingia katika biashara kubwa ya dunia ambayo sehemu kubwa yake ilijengwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa mjini Sydney kwenyewe.

Mtoto wa matege

Annette Marie Sarah Kellermann alizaliwa tarehe 6 Julai mwaka 1886. Kwa asili jina la ukoo liliandikwa kwa herufi n mbili, na mara nyingi moja yake ilidondoshwa. Baba yake, Frederick, alikuwa mpiga fidla mzaliwa wa Australia. Mama yake, Alice Charbonnet, alikuwa Mfaransa, mpiga piano na mwalimu wa muziki. Nyumba yao ilijaa muziki na wageni, lakini mtoto huyu hakuweza kucheza kama wenzake.

Miguu yake ilikuwa na matege, naye akafungwa vyuma ili inyooke. Waganga walishauri apelekwe majini. Huko Sydney lilikuwapo bwawa la ukoo wa Cavill, ukoo mashuhuri katika historia ya kuogelea nchini Australia, na humo ndimo alimojifunzia. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni aliyachukia maji na kuionea haya miguu yake mbele ya watoto wengine. Alipofika umri wa miaka 13 miguu ilikuwa karibu sawa na ya mtu yeyote, na miaka miwili baadaye alikuwa amekwisha kushinda shindano lake la kwanza.

Mwaka 1902 alitwaa ubingwa wa wanawake wa jimbo la New South Wales katika yadi 100 na katika maili moja.

Ni vyema msomaji akumbuke Sydney ya wakati huo ilikuwaje. Mji uliozungukwa na fukwe nzuri kiasi kile ulikuwa na sheria za karne ya 19 zilizokataza watu kuoga baharini mchana mahali panapoonekana. Mwaka huo huo wa 1902, mhariri mmoja wa gazeti katika ufukwe wa Manly, William Gocher, aliingia majini mchana kweupe kwa makusudi ili kuivunja sheria hiyo, na haukupita muda kabla ya amri hizo kulegezwa. Basi nguo ya kuogelea ya mwanamke haikuwa nguo ya kuogelea hasa. Ilikuwa gauni la sufu lenye mikono, suruali pana chini yake, soksi ndefu, na pengine viatu. Likilowa, lilimvuta mvaaji chini.

Kipato cha nyumbani

Mambo ya fedha ya familia ya Kellermann hayakuwa mazuri. Mdororo wa uchumi ulioikumba Australia katika miaka ya 1890 ulikuwa umeziumiza familia nyingi zilizoishi kwa kufundisha muziki. Wazazi wakahamia Melbourne, mama akapata kazi ya kufundisha katika shule ya wasichana ya Mentone, na Annette akaandikishwa hapo hapo.

Binti akaanza kuleta fedha nyumbani. Alionyesha kuogelea na kupiga mbizi katika mabwawa ya Melbourne, akajifanya nguva katika viwanja vya burudani, na akaogelea mara mbili kwa siku pamoja na samaki ndani ya tangi la kioo lililokuwa likitazamwa na watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1903 alipanda jukwaani mjini humo katika tamthilia iliyokuwa na onyesho la ufukwe wa Coogee wa Sydney, akiruka kutoka juu hadi majini mbele ya watazamaji.

Hapo alipoteza kitu kimoja na kupata kingine. Anayelipwa kwa kuogelea hakuhesabiwa tena kuwa mwanamichezo wa ridhaa, na mashindano makubwa ya enzi hiyo yalikuwa ya watu wa ridhaa peke yao. Wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuogelea katika michezo ya Olimpiki, mjini Stockholm mwaka 1912, waliochukua dhahabu na fedha katika mita 100 walikuwa wasichana wawili wa Sydney, Fanny Durack na Mina Wylie. Kellerman hakuwamo. Yeye alikuwa amekwisha kuchagua kula kwa jasho lake, kama linaweza kuitwa jasho ndani ya maji.

London, na soksi ndefu nyeusi

Mwaka 1905 baba na binti walipanda meli kwenda Uingereza wakiwa na akiba ndogo. London haikumjua. Ili ajulikane, Annette aliogelea Mto Thames kutoka Putney hadi Blackwall, katikati ya takataka na mashua za mizigo. Magazeti yakaamka. Gazeti la Daily Mirror likamdhamini kuogelea kando ya pwani, na baadaye akajaribu kuuvuka Mlango wa Bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Alijaribu mara tatu, akashindwa mara zote tatu. Alikiri bila kificho kwamba alikuwa na ustahimilivu lakini hakuwa na nguvu za kutosha kwa kazi ile. Lakini kuna jambo jingine alilolisimulia kuhusu majaribio hayo. Wanaume waliojaribu safari hiyo waliruhusiwa kuogelea bila nguo. Yeye alilazimika kuvaa, na nguo ile ikamchuna kwapani saa baada ya saa katika maji ya chumvi hadi ngozi ikatoka. Aliyewahi kuvuja jasho ndani ya shati gumu katika jua la Mombasa anaweza kukisia maumivu hayo, ingawa hayakaribii.

Nchini Ufaransa alishindana katika Mto Seine na wanaume 17, akamaliza akiwa wa tatu sawia na mwenzake mmoja. Mwaka uliofuata, katika Mto Danube, alimshinda mwanamke wa ukoo wa kitukufu katika safari ya kutoka Tulln hadi Vienna.

Katika kipindi hicho cha London ndipo lilipozaliwa vazi lenyewe. Klabu moja ya kuogelea ya watu wakubwa, iliyoitwa Bath Club, ilimwalika aonyeshe ustadi wake mbele ya watu wa ukoo wa kifalme. Kellerman alizoea kuvaa vazi fupi la kuogelea la wavulana, lile la kipande kimoja lililoishia mapajani. Akaambiwa kwamba miguu mitupu haiwezi kuonekana mbele ya wageni wale.

Angeweza kulikataa vazi lake akavaa gauni la sufu, na onyesho lingeharibika kwa sababu hakuna apigaye mbizi vizuri akiwa ndani ya gauni. Angeweza pia kuukataa mwaliko, na fedha zikapotea. Badala yake alinunua soksi ndefu nyeusi, akachukua sindano, akaziunganisha na lile vazi la mvulana. Mwili ukafunikwa tangu mabega hadi vidole vya miguu, hakuna ngozi ya mguu iliyoonekana, na hakuna kilichopepea wala kuvuta maji.

Hilo ndilo vazi la Kellerman. Wasomaji wengi wa leo hudhani kwamba alisifika kwa kujivua, kumbe vazi lake la kwanza lilikuwa la kujifunika. Kilichowashtua watu hakikuwa ngozi, bali umbo la mwili lililoonekana wazi chini ya kitambaa kilichobana.

Kisa cha ufukweni ambacho hakina karatasi

Baada ya kufanya maonyesho katika jumba la Hippodrome mjini London mwaka 1906, alivuka kwenda Marekani. Alianzia Chicago, katika uwanja wa burudani wa White City, kisha akaenda Boston na New York.

Hapa ndipo panapokaa kisa kinachosimuliwa kuliko vyote. Inasemekana kwamba mwaka 1907, katika ufukwe wa Revere karibu na Boston, alikamatwa na polisi kwa kosa la kuvaa vazi lake la kipande kimoja, akafikishwa kwa hakimu, akajieleza kwamba hawezi kufanya mazoezi marefu akiwa ndani ya gauni, naye hakimu akamruhusu alivae mradi ajifunike kwa joho hadi afike ukingoni mwa maji.

Kisa ni kizuri, lakini watafiti waliopekua magazeti ya wakati huo na kumbukumbu za mahakama hawakupata alama yake. Kellerman mwenyewe alikisimulia miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mzima. Huenda kulitokea mabishano madogo na askari wa ufukweni yakakuzwa na wakati. Huenda pia kilikuwa ni ujuzi wa kibiashara tu, kwani mumewe wa baadaye, James Sullivan, ambaye walioana mwaka 1912, ndiye aliyekuwa meneja wake, na hakuna meneja wa burudani wa enzi hizo aliyekuwa mvivu wa kutunga habari.

Kwa vyovyote vile, mazingira ya kisa hicho yalikuwa ya kweli. Huko Sydney, mwaka huo huo wa 1907, mameya wa maeneo ya ufukweni walipendekeza kwamba waogaji wote, wanaume wakiwemo, wavae vazi lenye sketi. Mwezi Oktoba wanaume walimiminika kwenye fukwe wakiwa wamevaa magauni na vitambaa vya wake zao na dada zao kwa kejeli, na pendekezo likafa kwa kicheko. Nako Washington, hata mwaka 1922, askari alipigwa picha akiwa amepiga goti ufukweni, akipima kwa utepe umbali kati ya goti la mwanamke na upindo wa vazi lake.

Nyuma ya vicheko hivyo palikuwa na vifo. Tarehe 15 Juni mwaka 1904 meli ya General Slocum ilishika moto katika mto wa East River, New York, ikiwa imebeba wanawake na watoto wa kanisa moja waliokuwa wakienda kutembea. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, umbali mfupi tu kutoka nchi kavu. Wengi hawakujua kuogelea, na nguo zao nzito ziliwazamisha. Kellerman alipokuwa akiwahimiza wanawake wajifunze kuogelea na wavae kitu chepesi, wasikilizaji wake wa New York walijua anasema nini.

Jina kuwa bidhaa

Umaarufu ulipopanda, wanawake walianza kuulizia vazi kama lile. Mwaka 1908 mkufunzi wa mazoezi ya viungo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Dudley Sargent, aliyekuwa amepima miili ya maelfu ya wanawake, alimtangaza Kellerman kuwa ndiye aliyekaribia zaidi vipimo vya sanamu ya kale ya Venus. Kwetu leo jambo hilo linatia kinyaa kidogo, mwanamke kupimwa kama ng'ombe mnadani. Yeye aliligeuza kuwa mtaji. Akauza kwa njia ya posta mafunzo ya mazoezi ya mwili, akatoa mihadhara ya afya, na mwaka 1918 akachapisha vitabu viwili, kimoja cha kujifunza kuogelea na kingine cha kuutunza mwili.

Na akauza vazi. Katika miaka ya 1910 na 1920 mavazi ya kuogelea ya kipande kimoja yalitangazwa magazetini na kuuzwa madukani Marekani kwa jina lake. Wanawake walifika dukani wakaomba Annette Kellerman, wala si vazi la kuogelea. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawatalishangaa jambo hilo. Kwetu kitambaa kiliitwa merikani kwa sababu ya nchi kilikotoka, na hadi leo mnunuzi wa kanga huangalia maandishi ya Mali ya Abdulla, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, kabla hajaangalia bei. Jina likikubalika, huuza lenyewe.

Tukiitazama bidhaa yenyewe, tunaona kwamba ilikuwa na hekima ya muuzaji anayemjua mteja wake. Kellerman alikuwa jasiri wa kuvaa nguo ya kubana mbele ya halaiki, lakini hakutegemea kila mnunuzi awe na ujasiri huo. Katika kitabu chake cha kuogelea alizigawa nguo za majini katika mafungu mawili, zile zinazofaa majini na zile zinazofaa nchi kavu tu. Halafu akawashauri wanawake walioishi mahali ambapo sheria ilidai sketi wavae vazi la kubana ndani na kitu chepesi juu yake, cha kuvuliwa wakati wa kuogelea. Kwa namna hiyo mteja aliweza kuitii sheria ya mjini kwake bila kuzama.

Kazi iliyobaki kuwa ya pembeni

Hapa ndipo maisha ya Kellerman yanapoachana na hadithi za kawaida za wafanyabiashara. Fundi wa nguo anayeanza kwa kushona jioni baada ya kazi yake, akiona wateja wanaongezeka, hufika siku akaiacha kazi ya kwanza na kufungua duka. Kellerman hakufika siku hiyo, au tuseme ilifika naye akaipita.

Jukwaa lilimlipa haraka zaidi. Mwaka 1914 alicheza filamu ya Neptune's Daughter iliyopigwa picha Bermuda, ambako tangi kubwa la kioo lilipasuka na kumjeruhi yeye pamoja na mwongozaji wake, Herbert Brenon. Mwaka 1916 ikafuata A Daughter of the Gods, iliyotengenezwa Jamaica na kutangazwa kuwa filamu iliyogharimu dola milioni moja, fedha zisizowahi kusikika kwa filamu wakati huo. Humo alionekana bila nguo, nywele ndefu zikimsitiri, na watu wakapanga foleni. Hakuna nakala kamili ya filamu hiyo inayojulikana kubaki. Mwaka 1924 alicheza nyingine iliyotengenezwa New Zealand.

Alicheza mwenyewe hatari zote, akaruka kutoka majabali, akaingia katika tangi lenye mamba. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hawezi kukaa nyuma ya meza akihesabu dazeni za nguo zilizotoka kiwandani. Vazi lilikuwa chombo chake cha kazi, kama jembe kwa mkulima, na kuliuza kulikuwa ni faida ya ziada.

Wengine walikaa nyuma ya meza hiyo. Mjini Portland, Marekani, kulikuwa na kiwanda kidogo cha sweta na soksi. Mwaka 1913 mpiga makasia mmoja aliomba afumiwe kaptura ya kufanyia mazoezi isiyoteleza kiunoni. Wenye kiwanda, Carl Jantzen na ndugu wawili wa familia ya Zehntbauer, wakamfumia, kisha wakajaribu ufumaji ule ule katika vazi zima la kuogelea. Mwaka 1918 kampuni ikabadili jina na kuitwa Jantzen, na katika miaka ya 1920 mavazi ya kuogelea yaliyokuwa kazi ya pembeni yakawa ndiyo kazi yenyewe.

Sydney nayo ilikuwa na mtu wake. Alexander MacRae, kijana wa Uskochi, aliwasili Australia mwaka 1910 na mwaka 1914 akaanza kufuma soksi na nguo za ndani. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, askari walihitaji soksi, na kiwanda kikapata nguvu. Wakati wa amani alianza kutengeneza mavazi ya kuogelea kwa ajili ya watu wa fukwe za Sydney, na mwaka 1928 akatoa vazi lililokatwa mgongoni ili mabega na mikono viwe huru, kwa jina la Speedo. Vazi la pembeni likaibadili hata kampuni jina.

Mabishano ya zamani yakaanza upya. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, Clare Dennis wa Sydney aliwekewa pingamizi kwa sababu vazi lake la Speedo lilionyesha bega kupita kiasi, kwa madai ya walalamikaji. Pingamizi likatupwa, naye akachukua medali ya dhahabu katika mita 200 za mtindo wa kifua. Haikuwa imetimia miaka 30 tangu Kellerman aunganishe soksi na vazi la mvulana.

Miaka ya mwisho

Sinema zilipoanza kusema, nguva wa kimya kimya hakuwa na nafasi kubwa tena. Kellerman aliendelea kuzunguka akitoa mihadhara na maonyesho. Hakuwa anakula nyama maisha yake yote, na huko Long Beach, California, alifungua duka la vyakula vya afya. Naam, hatimaye alifungua duka, lakini halikuwa la nguo.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa Australia, akiandaa maonyesho ya kuchangia Msalaba Mwekundu na kuwaburudisha askari huko Queensland. Mwaka 1952 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilitoa filamu kuhusu maisha yake, Million Dollar Mermaid, iliyochezwa na Esther Williams. Filamu hiyo ndiyo iliyokieneza duniani kile kisa cha Revere.

Mwaka 1970 alirudi Australia moja kwa moja. Mwaka 1974 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Heshima la waogeleaji huko Florida. Alifariki dunia mwezi Novemba mwaka 1975 huko Southport, Queensland, akiwa na umri wa miaka 89. Aliendelea kuogelea hadi uzeeni. Majivu yake yalitawanywa baharini katika eneo la Great Barrier Reef. Mavazi yake ya jukwaani aliyaachia jiji alikozaliwa, na sasa yamo katika hazina ya makumbusho ya Powerhouse mjini Sydney.

Kutoka Sydney hadi Nungwi

Mwaka 2004, katika jiji hilo hilo, mwanamke mzaliwa wa Lebanon aitwaye Aheda Zanetti alibuni vazi la kuogelea kwa wanawake Waislamu, baada ya kumwona mtoto wa ndugu yake akitaabika kucheza mchezo wa netiboli akiwa na hijabu na nguo nyingi. Ni vazi jepesi linaloufunika mwili wote isipokuwa uso, mikono na miguu. Akaliita burkini, akalifungulia kampuni, na hiyo ikawa kazi yake.

Lilipokuja kupigwa marufuku katika baadhi ya miji ya pwani ya Ufaransa mwaka 2016, askari waliwaendea wanawake ufukweni kwa sababu walivaa nguo nyingi mno. Tofauti na hadithi ya Kellerman, safari hii picha zilikuwapo.

Visiwani Zanzibar jambo hili lina uzito wake. Mwezi Septemba mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa maji, wengi wao wanawake na watoto. Wasichana wengi wa vijiji vya pwani hukua wakiitazama bahari kila siku bila kujifunza kuogelea, na mojawapo ya sababu ni kukosa vazi la heshima la kuingilia majini.

Kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje uliwafundisha wasichana na walimu wao kuelea, kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote. Picha za mafunzo hayo, zilizopigwa na mpiga picha wa Marekani Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini wanaonekana katika maji ya Muyuni wakilala chali juu ya bahari, miguu imefunikwa hadi vifundoni, kitambaa kikiwa kimebana na wala hakiwavuti chini.